Kwa nini atomu haina chaji? "Idadi sawa" ni nusu tu ya jibu

Mwalimu wa Tororo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Muulize mwanafunzi yeyote wa S3 (kidato cha tatu) hapa Uganda kwa nini atomu haina chaji ya umeme. Atakujibu bila kusita: idadi ya protoni ni sawa na idadi ya elektroni, hizi chanya na zile hasi, basi zinafutana. Kwenye mtihani wa UNEB, baraza letu la mitihani, anapata alama yake, na anaistahili, maana hajasema uongo. Lakini mimi nafundisha fizikia, na jibu hilo huniacha na njaa. Linaeleza hali ilivyo, halielezi imekuwaje ikawa hivyo. Nani alizihesabu? Kwa nini atomu ya sodiamu yenye protoni 11 isitembee na elektroni 9, au 14? Na hata idadi zikilingana, nani kasema chaji ya protoni moja ina ukubwa ule ule wa chaji ya elektroni moja, ilhali protoni ina uzito mara 1,836 wa elektroni?

Hayo ni maswali mawili, na darasani tunayapitisha kama moja. Nataka tuyatenganishe humu.

Nianze na historia. Wengi wanadhani wanasayansi waligundua protoni, wakagundua elektroni, wakajumlisha, wakapata sifuri. Sivyo. Sifuri ndiyo iliyotangulia. Ilijulikana zamani kwamba jiwe, maji na mti havina chaji ukiviacha vilivyo. Mwaka 1897 J.J. Thomson alipoonyesha kule Cambridge kwamba ndani ya atomu mna chembe ndogo zenye chaji hasi, swali likazuka papo hapo: kama ndani mna hasi na nje hakionekani kitu, chanya imejificha wapi? Yeye alidhani imetapakaa atomu nzima. Kisha Rutherford, mzaliwa wa New Zealand, akiwa Manchester pamoja na Geiger na Marsden, wakarushia chembe za alfa, yaani chembe nzito zenye chaji chanya, bamba jembamba la dhahabu. Nyingi zikapita, chache mno zikarudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford akatangaza kwamba chanya yote imebanwa kwenye kiini kidogo kupita kiasi, katikati. Mwaka 1913 kijana Henry Moseley akatumia eksirei kuchunguza elementi moja baada ya nyingine, akaona chaji ya kiini inapanda kwa hatua moja moja, bila kuruka wala kugawanyika. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, umri wake miaka 27, na mpaka leo inauma kufikiria alichokuwa amebakiza kutufundisha. Protoni ilipewa jina mwaka 1920. Nyutroni, ile chembe ya kiini isiyo na chaji, ilisubiri hadi 1932, kwa James Chadwick.

Kwa hiyo hali ya atomu kutokuwa na chaji ndiyo dalili iliyowaongoza watu mpaka kwenye kiini. Haikuwa hesabu ya kufungia mjadala.

Sasa swali la kwanza, la idadi. Kiini hakihesabu, kinavuta. Chukua kiini cha sodiamu chenye protoni 11 kilichozungukwa na elektroni 10. Ukikitazama kwa mbali, elektroni 10 zimefuta protoni 10, na moja imebaki bila mwenzake. Mvuto wa hiyo moja unafika mbali: umbali ukiongezeka mara mbili, kani inashuka hadi robo tu, haikatiki ghafla. Elektroni yoyote inayozurura jirani itavutwa. Ikinaswa, nishati ya elektronivolti 5.14 inatolewa (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati, na namba zote za nishati hapa chini ni za kipimo hicho), na kuing'oa tena lazima ulipe 5.14 hizo hizo.

Je, elektroni ya 12? Kwa mbali haioni chanya wala hasi. Ikisogea karibu sana hupata mvuto mdogo, kwa sababu inazisukuma kidogo zile nyingine pembeni, na inaposhikwa nishati inayopatikana ni 0.55 tu. Na ukitaka kwenda upande wa pili, kung'oa elektroni mbili badala ya moja, bei ya hiyo ya pili inaruka hadi 47.3. Joto la kawaida la chumba linampa kila chembe kama 0.025 hivi. Hesabu mwenyewe: kwa joto hilo nani atamudu kulipa hata ile 5.14?

Hilo ndilo jibu langu la swali la kwanza. Atomu hubaki bila chaji kwa sababu kubaki na chaji ni gharama, na dunia imejaa chembe za chaji ya kinyume zilizo tayari kuimaliza. Idadi sawa ni matokeo ya mvutano huo. Swali la pili nitalirudia nikishaona mnasemaje.

Fundi Waya, Busia

Mwalimu shusha nondo, nimeweka kambi hapa.

Binti Kasese

Habari za jioni, mwalimu. Mimi niko S5, nasoma fizikia, kemia na hisabati. Nimeelewa uliposema sodiamu inaishikilia elektroni yake ya 11. Sasa nyumbani kwetu ni karibu na Katwe, ninakoona watu wakivuna chumvi ziwani tangu nikiwa mtoto. Kemia inatuambia chumvi ni ioni za sodiamu na ioni za kloridi, yaani sodiamu imeshapoteza elektroni na klorini imeshaipokea. Kama kubaki na chaji ni gharama, mbona ziwa zima limejaa vitu vyenye chaji?

Mwalimu wa Tororo

Mwanangu, umegonga penyewe.

Fuata hesabu hatua kwa hatua. Kuing'oa elektroni kwenye sodiamu kunagharimu 5.14. Klorini ikiipokea inarudisha 3.61. Umepungukiwa na 1.53. Kama sodiamu na klorini ziko mbalimbali, biashara hiyo haifanyiki, na kila moja inabaki bila chaji. Lakini zikikaribiana hadi umbali wa nanomita 0.24 hivi, ioni chanya na ioni hasi zinavutana kwa nishati ya kama 6. Deni la 1.53 limelipwa na bado kuna akiba kubwa. Ndiyo maana elektroni inahama.

Sasa tazama kilichotokea kwa jumla. Sodiamu ina chaji +1, klorini ina −1, ziko sako kwa bako. Ile sifuri haikuvunjwa. Imehama kutoka kwenye atomu moja hadi kwenye jozi, na katika fuwele ya chumvi imehamia kwenye fuwele nzima. Kipande cha chumvi ya Katwe unachoshika mkononi hakikurushi, ingawa ndani yake hakuna hata atomu moja ya sodiamu iliyobaki bila chaji.

Ziwani ni hivyo hivyo. Katwe ni ziwa la kasoko lisilo na mto wa kutoka, maji yanapanda kwa jua na chumvi inabaki. Mule mna sodiamu, mna kloridi, mna kabonati na salfeti. Ioni zinaogelea huru, ndiyo sababu maji hayo yanapitisha umeme vizuri sana. Lakini jaza chupa, pima chaji yake: hakuna kitu. Ukihesabu chanya zote na hasi zote ni ngoma droo.

Kwa hiyo sahihisha sentensi moja kwenye daftari lako. Usiandike "maada imetengenezwa kwa atomu zisizo na chaji". Andika "maada, ukiichukua kwa kipande kikubwa cha kutosha, karibu daima haina chaji". Kipande hicho wakati mwingine ni atomu moja, wakati mwingine ni molekuli, na wakati mwingine ni ziwa zima.

Fundi Waya, Busia

Hapo kwenye kupitisha umeme ndipo penye kazi yangu. Nafunga waya za nyumba mwaka baada ya mwaka, na nasikia hata mafundi wenzangu wakisema waya "umejaa elektroni" ukiwashwa na "unabaki mtupu" ukizimwa. Wanafunzi wa ufundi wanakuja kwangu na imani hiyo hiyo. Mimi nawaambia hapana: waya wa shaba una elektroni zile zile uwe umewashwa au umezimwa. Mwalimu, nisaidie namba niwaonyeshe.

Mwalimu wa Tororo

Uko sahihi kabisa, na namba zake ni za kushangaza.

Shaba, ile iliyochimbwa kule Kilembe miaka mingi, ina protoni 29 kwa kila atomu, na elektroni 29. Katika waya, moja kati ya hizo 29 haimilikiwi na atomu yoyote. Inazurura kwenye metali yote. Swichi ikiwashwa, hizo huru zinasogea. Elektroni moja ikitoka mwisho huu, nyingine inaingia mwisho ule. Idadi ndani ya waya haibadiliki kwa kiasi cha kutajika.

Tena zinasogea polepole mno. Waya wa milimita mraba 1.5 unaobeba ampea 5 za mkondo wa moja kwa moja, elektroni zake zinatambaa kama robo ya milimita kwa sekunde. Na huu umeme wetu wa kutoka Jinja unageuka upande mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo elektroni za ukutani kwako zinatikisika tu pale pale, umbali wa kama elfu moja ya milimita, huku na huku. Hakuna elektroni iliyosafiri kutoka Nalubaale, bwawa la umeme la Jinja, hadi Busia. Kinachosafiri kwa kasi ni msukumo.

Sasa namba ninayoipenda kuliko zote. Chukua vipande viwili vya shaba, kila kimoja gramu 3, kidogo kuliko kifungo cha koti. Jumlisha chaji hasi ya elektroni zote za kipande kimoja: ni kama kulomu 132,000 (kulomu ni kipimo cha chaji). Chaji chanya ya viini vyake ni hiyo hiyo. Radi moja ya kawaida hushusha kulomu 15 hivi. Kwa hiyo ndani ya kile kijipande mna chaji hasi ya karibu radi 9,000, imetulia kimya kwa sababu imefutwa na chanya iliyo jirani.

Tuseme kila kipande kimepoteza elektroni moja tu katika kila milioni. Viweke umbali wa mita moja. Vitasukumana kwa kani sawa na uzito wa tani 16,000. Gramu 3 kwa gramu 3! Hapo ndipo unaona kwa nini maumbile hayaachi upungufu wa moja kwa milioni ukae. Kani ya kurudisha mizani ni kubwa kupita chochote unachoweza kujenga cha kuizuia.

Waambie vijana wako: kitu kisicho na chaji hakijakosa umeme. Kimejaa umeme wa aina mbili, kwa kiasi cha kutisha, sawa sawia.

Afande Mstaafu, Gulu

Nimesoma yote, mwalimu. Nina swali la mtu ambaye hakusoma sayansi nyingi. Kama kila kitu kinakimbilia kusawazisha, radi inatoka wapi? Sisi huku kaskazini hatuoni radi kama jambo la darasani. Novemba 2024, kule Palabek wilaya ya Lamwo, ilipiga watu waliokuwa wamekusanyika kuomba ndani ya kibanda cha mabati, wakafa 14, wengi wao watoto. Wapo waliosema ni uchawi.

Mwalimu wa Tororo

Afande, poleni sana kwa wale watoto. Na mimi naandika kutoka Tororo, mji ambao takwimu za zamani za hali ya hewa zinaupa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, miongoni mwa idadi kubwa kabisa duniani. Kwa hiyo nami nalichukulia swali lako kwa uzito.

Uchawi haumo. Wingu la mvua linaanza bila chaji kama kitu kingine chochote. Ndani yake, juu ambako ni baridi kuliko barafu, mna punje ndogo za barafu nyepesi na vidonge vizito vya barafu laini. Upepo unazipandisha zile nyepesi, vile vizito vinashuka, vinagongana mara mabilioni. Katika kila mgongano chaji kidogo huhama. Punje nyepesi hubaki na chanya na kupelekwa juu. Vidonge vizito hubaki na hasi na kukusanyika chini. Ukijumlisha wingu zima bado unapata sifuri. Kilichofanyika ni kutenganisha, na kazi ya kutenganisha imefanywa na upepo na uzito, ambavyo nishati yake inatokana na joto la jua lililopasha Ziwa Victoria na nchi kavu asubuhi.

Radi ni ule mvutano niliousema ukipata njia. Hewa inashindwa kuzuia, na chaji inarudi ilikotakiwa kuwa.

Na angalia ni kidogo kiasi gani kilichotenganishwa. Gramu moja ya maji ina elektroni zenye kulomu zaidi ya 53,000. Kulomu 15 za radi ni elektroni za tone lisilofika hata miligramu moja, katika wingu lenye maelfu ya tani za maji. Upungufu mdogo hivyo, na unaua.

Kwa wanaosoma: ngurumo ikisikika, ingia kwenye nyumba ya kudumu yenye waya na mabomba yaliyounganishwa ardhini, au ndani ya gari lililofunikwa kwa bati. Usikae chini ya mti. Kibanda cha mabati kisicho na waya wa kuishusha radi ardhini si kimbilio. Kila shule ingekuwa na kinga ya radi, na hili sitaacha kulisema.

Mkemia wa Jinja

Mwalimu, umelishughulikia la idadi vizuri. Lakini usitukimbie kwenye lile la pili. Elektroni, kwa tunavyojua, haina vipande ndani yake. Protoni ina vijichembe vitatu ndani yake viitwavyo kwaki: mbili za aina iitwayo ya juu zenye chaji ya +2/3 kila moja, na moja ya aina iitwayo ya chini yenye −1/3. Hii ni familia tofauti kabisa. Protoni inasikia kani kali ya kiini, elektroni haiisikii hata chembe. Inakuwaje viumbe wawili wasio na undugu wawe na chaji inayolingana mpaka mwisho? Ingekuwa 1.0001 kwa 1, atomu zote zingekuwa na chaji hata kama idadi ni sawa.

Mwalimu wa Tororo

Hili ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Naomba mnivumilie, ni refu.

Kwanza, tunajuaje kwamba zinalingana? Millikan, kuanzia 1909, alipima chaji ya elektroni kwa matone ya mafuta, na leo thamani yake imewekwa rasmi kuwa kulomu 1.602176634 zidisha kwa kumi kipeo cha −19. Lakini kulinganisha protoni na elektroni kwa kupima kila moja peke yake hakutoshi. Njia bora ni kuchukua atomu nyingi sana pamoja na kutafuta masazo.

Mwaka 1959 Hermann Bondi na Raymond Lyttleton wa Uingereza walitoa wazo la kijasiri. Walisema: tuseme chaji ya protoni imezidi ya elektroni kwa sehemu kama mbili tu katika bilioni ya bilioni. Hakuna ambaye angekuwa ameliona hilo. Lakini haidrojeni yote ya ulimwengu ingekuwa na chaji chanya kidogo, ingejisukuma, na huenda hiyo ndiyo sababu magalaksi yanakimbiana. Wazo hilo lina maana kwa sababu kani ya umeme kati ya protoni mbili inazidi mvutano wa graviti kati yao kwa namba ya 1 ikifuatwa na sifuri 36. Masazo ya sehemu moja tu katika bilioni ya bilioni yangetosha kuishinda graviti ya haidrojeni. Jua lisingejikusanya.

Wazo likapimwa mara moja. A.M. Hillas na T.E. Cranshaw walichukua chombo cha gesi kilichotengwa na ardhi, wakaiachia gesi ya agoni itoke, wakapima kama chombo kinabaki na chaji. Kama kila atomu inayotoka ingebeba masazo kidogo, chombo kingeonyesha. Hakikuonyesha. Baadaye, mwaka 1973, H.F. Dylla na John King walitumia gesi ya salfa heksafloridi ndani ya chombo cha mviringo. Waliipitishia uga wa umeme unaogeuka-geuka na kusikiliza. Molekuli zingekuwa na chaji hata kidogo, uga ungezitikisa na gesi ingetoa sauti. Kimya. Kutokana na vipimo vya aina hiyo, tofauti kati ya chaji ya protoni na ya elektroni, kama ipo, haizidi sehemu moja katika 1 yenye sifuri 21.

Sijui kipimo kingine kinachonistaajabisha kama hicho. Watu waliisikiliza gesi, wakajua kuhusu protoni mpaka tarakimu ya 21.

Pili, kwa nini. Hapa nitasema wazi kwamba sayansi haijafunga faili.

Njia ya kwanza ni nyutroni. Nyutroni ikiachwa peke yake nje ya kiini huoza baada ya kama dakika 15, ikatoa protoni, elektroni na chembe nyepesi mno iitwayo antinyutrino. Chaji haiumbwi wala haipotei. Kama nyutroni ina sifuri na antinyutrino ina sifuri, basi protoni na elektroni lazima zilingane. Ni hoja nzuri, ila imesogeza tu swali: kwa nini nyutroni ni sifuri kamili? Kwaki zake ni moja ya juu na mbili za chini: 2/3 toa 1/3 toa 1/3. Kwa nini theluthi hizo ziwe kamili?

Njia ya pili ni ya Paul Dirac, 1931. Alionyesha kwamba kama kuna popote ulimwenguni hata sumaku moja yenye ncha moja tu, basi chaji zote za umeme lazima ziwe mafungu kamili ya kiasi kimoja. Hoja ni safi, lakini sumaku ya ncha moja haijapatikana.

Njia ya tatu ndiyo ninayoiamini zaidi, na kila mtu anaweza kuifanyia hesabu. Kila kwaki huja katika aina tatu ambazo wanafizikia wanaziita rangi. Chukua familia moja ya chembe: kwaki ya juu mara tatu, kwaki ya chini mara tatu, elektroni, na nyutrino isiyo na chaji. Jumlisha: 3 mara 2/3 ni 2. Toa 3 mara 1/3, inabaki 1. Toa 1 ya elektroni. Sifuri. Nadharia tuliyo nayo ya chembe isingesimama kihisabati bila sifuri hiyo. Ingetoa majibu yasiyo na maana na chaji isingehifadhiwa. Kwa hiyo kwaki na elektroni, zinazoonekana kama wageni, zinategemeana. Mkemia, undugu upo.

Mwaka 1974 Howard Georgi na Sheldon Glashow walikwenda mbali zaidi, wakaziweka kwaki na elektroni kwenye ukoo mmoja. Katika nadharia yao chaji kulingana ni lazima. Lakini inatabiri pia kwamba protoni yenyewe itaoza siku moja. Kule Japani, Super-Kamiokande, tangi la tani 50,000 za maji chini ya mlima, limekuwa likiwinda tukio hilo tangu 1996 bila kuliona. Kama protoni huoza, umri wake kwa wastani unazidi miaka 1 yenye sifuri 34. Umbo rahisi la nadharia yao limeanguka. Wazo la ukoo mmoja bado linaishi.

Mkemia wa Jinja

Nimeridhika, na sikutegemea. Hiyo hesabu ya familia ningependa ifundishwe hata A-Level. Inachukua dakika mbili ubaoni.

Niongeze moja tu kwa upande wa kemia: kutokuwa na chaji hakumaanishi kutovutana. Molekuli ya maji haina chaji kwa jumla, ila upande wa oksijeni una hasi kidogo na wa haidrojeni chanya kidogo, na hapo ndipo maji yanapopata nguvu ya kuyeyusha chumvi ya Katwe.

Binti Kasese

Asante, mwalimu. Nimeinakili ile ya 5.14 na 3.61. La mwisho: Jua lina joto kali kiasi kwamba atomu zinavunjika. Je, nalo halina chaji?

Mwalimu wa Tororo

Karibu sifuri, mwanangu. Katikati ya Jua elektroni zimeng'oka kwenye viini, kila kimoja kinakwenda njia yake, lakini zote zimo humo humo, chanya na hasi zimechanganyika. Elektroni ni nyepesi na zingependa kukimbia kwanza. Zikianza kukimbia tu, Jua linabaki na chanya kidogo, nayo inazivuta zilizobaki. Ni sheria ile ile ya sodiamu yako.

Dereva wa Malaba

Wakuu, nami nina la kazini. Naendesha lori la mafuta. Kwenye bohari wanakataza kushusha petroli kabla ya kufunga ule waya wa ethi, unaounganisha na ardhi, kwenye tangi. Nikiuliza, naambiwa "chaji". Kama mafuta hayana chaji na tangi halina chaji, inatoka wapi?

Fundi Waya, Busia

Hili niachieni mimi. Dereva, ni kama lile wingu la Afande. Mafuta yakipita kwa kasi kwenye bomba, yanasuguana na kuta zake. Aina moja ya chaji inaondoka na mafuta, ya kinyume inabaki kwenye bomba. Jumla bado sifuri, ila zimetengana. Petroli haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo haziwezi kurudiana haraka, na lori lako limesimama juu ya mpira wa magurudumu.

Mwalimu wa Tororo

Na kiasi chenyewe ni kidogo sana, dereva. Kitana cha plastiki kilichosugua nywele kavu kinapata au kupoteza kama elektroni moja katika kila trilioni 50. Kwa lori, kidogo cha aina hiyo kinaweza kufikisha maelfu ya volti, na mvuke wa petroli unawashwa na cheche yenye nishati isiyofika milijuli moja.

Fundi Waya, Busia

Basi utaratibu ni huu. Klipu ya ethi unaibana kwenye chuma kitupu cha tangi, usiibane juu ya rangi wala kutu. Unaibana kwanza, ndipo unaunganisha mpira wa mafuta na kufungua valvu. Ukimaliza, unafunga valvu, unatoa mpira, na klipu ndiyo inatoka mwisho kabisa.

Dereva wa Malaba

Nimeelewa. Tangi letu limepakwa rangi upya pale pa kubania. Kesho nitaikwangua kabla ya kupakia.